Huruma Si Haki: Wanawake na Watoto Waliofurushwa katika Riwaya ya Chozi la Heri

Utangulizi

Riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei ilichapishwa mwaka 2017, na kuanzia mwaka 2018 hadi 2022 ilikuwa kitabu cha lazima katika mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne nchini Kenya. Kwa hiyo wengi wetu tunaoketi leo katika kumbi za mihadhara ya fasihi tuliijua kwanza kama karatasi ya tatu. Tulikariri majina, tukanunua miongozo, tukajibu swali la alama 20 kuhusu "ukiukaji wa haki za watoto", tukatoka nje tukaulizana umetoa hoja ngapi. Aliyetoa kumi alifurahi. Baada ya hapo kitabu kilifungwa.

Makala haya yananuia kukifungua tena. Tunakusudia kuchunguza jinsi mwandishi alivyoshughulikia haki na afya ya wanawake na watoto waliofurushwa makwao, na hasa kuuliza swali moja ambalo miongozo haikuuliza: katika riwaya hii, mwanamke na mtoto aliyepoteza makao analindwa na nini? Analindwa na haki aliyo nayo, au na huruma ya mtu mwema aliyetokea kupita njia hiyo? Tutadai kuwa mwandishi amefaulu sana katika kuonyesha kidonda, tena pengine kuliko mwandishi mwingine yeyote wa Kiswahili wa kizazi chake. Hata hivyo, dawa anayoitoa ni huruma zaidi kuliko haki, na tofauti ya vitu hivyo viwili si ndogo hata kidogo.

Mkimbizi asiyevuka mpaka

Kabla ya kuingia katika matini, ni vyema tufafanue tunamzungumzia nani. Kwa lugha ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1951, mkimbizi ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi yake. Ridhaa, Kaizari, Selume na Subira hawakuvuka mpaka wowote. Wao ni wakimbizi wa ndani kwa ndani: wamefukuzwa nyumbani ila bado wako chini ya serikali ileile ambayo ilipaswa kuwalinda na haikuwalinda. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mkimbizi wa nje huomba hifadhi kwa jirani, lakini mkimbizi wa ndani anaomba hifadhi kwa nani?

Nchi ya Wahafidhina ni ya kubuni, lakini msomaji Mkenya hahitaji kuambiwa ni wapi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, ghasia zilizuka, na Tume ya Jaji Waki katika ripoti yake ya Oktoba 2008 ilihesabu vifo 1,133. Watu zaidi ya 600,000 waliyahama makazi yao. Tume hiyo ilitenga sura nzima kwa ajili ya dhuluma za kingono. Katika riwaya, mwandishi amegeuza mambo kidogo kwa kumfanya Mwekevu, mwanamke, kuwa mshindi wa kura ya urais, na ushindi huo ndio unaozua fujo. Mabadiliko haya si ya kupamba. Yanamwambia msomaji kuwa vita hivi tangu mwanzo vinapiganiwa juu ya mwili na nafasi ya mwanamke, hata pale wapiganaji wanapodai kupigania kabila au ardhi.

Sheria nazo hazikukosekana. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani zilitolewa mwaka 1998. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika ulipitishwa mwaka 2009 na kuanza kutumika Desemba 2012. Kenya yenyewe ilitunga sheria yake ya wakimbizi wa ndani mwaka huohuo wa 2012. Riwaya hii imeandikwa miaka mitano baadaye. Si vibaya, basi, kuitazama pamoja na sheria hizo, tuone nini kimeingia katika hadithi na nini kimebaki nje ya mlango.

Anayesimulia ni nani?

Tuanze na usimulizi, maana katika fasihi haki ya kwanza ya mtu ni kusema. Tukio zito kuliko yote kuhusu wanawake katika riwaya hii ni lile la nyumbani kwa Kaizari. Vijana wanaivamia nyumba, Subira anakatwa, na mabinti wawili, Lime na Mwanaheri, wananajisiwa mbele ya baba yao. Ni ukurasa ambao mtu hausomi mara ya pili kwa hiari.

Sasa hebu tujiulize: tukio hili tunalipata kutoka kwa nani? Tunalipata kutoka kwa Kaizari. Ni baba anayesimulia. Ni uchungu wa baba asiyeweza kuwaokoa wanawe, fedheha ya mwanamume aliyelazimishwa kutazama. Uchungu huo ni wa kweli na mwandishi ameuchora kwa ustadi. Lakini tunapomaliza kusoma, moyo wetu uko kwa Kaizari zaidi kuliko kwa Lime. Mabinti wamekuwa jeraha la baba yao.

Baadaye tunakutana na Mwanaheri shuleni, pamoja na Umu, Kairu, Zohali na Chandachema. Wasichana hawa wanakaa pamoja na kila mmoja anatoa kisa chake. Sehemu hii ni miongoni mwa sehemu bora za riwaya, kwa sababu hapo watoto wanajisemea wenyewe bila mtu mzima kuwatafsiri. Mwandishi amebuni kitu kinachofanana na baraza, au tuseme kikao cha ushauri nasaha kisicho na mshauri. Hata hivyo, kisa anachokisisitiza Mwanaheri ni cha mama yake Subira, jinsi alivyobaguliwa na mama mkwe kwa kuwa alitoka jamii nyingine. Binti anafungua kinywa na anayetoka humo ni mama.

Mhakiki anaweza kulisoma jambo hili kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kusema kuwa ni udhaifu: mwandishi alimpa msichana jukwaa kisha akamnyima mada. Njia ya pili ni kusema kuwa ni uyakinifu, kwamba binti aliyetendewa vile huongea pembeni ya jambo lenyewe kwa miaka mingi, na kumsimulia mama ndiyo njia yake ya kujisimulia. Mimi naegemea njia ya pili, ila nina sharti. Kimya cha mhusika kinakuwa uyakinifu pale tu matini yenyewe inapotuonyesha kuwa inajua ni kimya. Msimulizi wa Chozi la Heri hupenda kueleza kila kitu. Hufafanua hisia, hutoa mafunzo, hutaja methali. Msimulizi wa namna hiyo anaponyamaza mahali pamoja tu, msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini.

Afya kambini: Selume na saa 72

Tukija katika suala la afya, riwaya ina sifa ambayo haijatajwa vya kutosha. Imeonyesha kambi kama mahali pa mwili. Watu wanalia ndugu waliokufa, sawa, lakini pia wana njaa, hawana maji ya kutosha, hawana vyoo, na maradhi yanawanyemelea. Waandishi wetu wengi huona haya kutaja choo. Matei hakuona haya, na amefanya vizuri, kwa maana kambini choo ni suala la haki za wanawake. Viwango vya kimataifa vya misaada vinavyoitwa Sphere vinapendekeza choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, maji lita 15 kwa mtu kwa siku, na vyoo vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume kwa uwiano wa 3 kwa 1. Mwandishi wa tarakimu hizo alijua kitu ambacho msichana yeyote wa kambini anakijua: choo kilicho mbali, gizani, kisicho na komeo, ni mahali pa kuviziwa.

Katika mazingira hayo mwandishi anamweka Selume, muuguzi ambaye naye ni mkimbizi. Ndoa yake imevunjika kwa sababu ya asili yake, naye amebaki na ujuzi wake tu. Hapa mwandishi amegundua ukweli muhimu: msaada wa kwanza kambini hautoki kwenye lori la shirika. Unatoka kwa mwanamke aliyefukuzwa kama wewe, aliyebahatika kujua kufunga kidonda. Kwa mtazamo wetu Selume ndiye shujaa wa kweli wa sehemu ya kwanza ya riwaya, ingawa miongozo humpanga katika orodha ya wahusika wadogo, baada ya wanaume wote.

Tatizo linakuja tunapouliza Selume ana nini mkononi. Mtu aliyenajisiwa anahitaji dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI ndani ya saa 72, na dawa ya dharura ya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Saa hizo hazingoji baba amalize kusimulia. Hazingoji barabara ifunguliwe wala serikali ikubaliane na upinzani. Mwaka 2008 mapatano yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari, miezi miwili baada ya kura. Ukihesabu miezi hiyo kwa saa 72, utaona ni wanawake wangapi ambao muda wao ulikuwa umekwisha kabla ya viongozi kupeana mikono.

Riwaya ingeweza kuyatumia masaa hayo. Kifani, hakuna kitu kinacholeta taharuki kama saa inayohesabiwa. Kumbe mwandishi alikuwa na muuguzi, mabinti wawili, barabara zilizofungwa na saa inayokwenda, na bado masimulizi yamekaa zaidi kwenye simanzi kuliko kwenye mbio za kutafuta dawa. Simanzi inaliza msomaji. Mbio za dawa zingemkasirisha, na msomaji aliyekasirika huuliza nani alipaswa kuziweka dawa hizo pale. Kanuni ya 19 ya zile Kanuni Elekezi za 1998 inasema wazi kuwa mahitaji ya afya ya wanawake yapewe uzito wa pekee, ikiwemo afya ya uzazi, kuhudumiwa na wahudumu wa kike, na ushauri kwa waliodhulumiwa kingono. Selume anatimiza kanuni hiyo kwa wema wake, bila mtu yeyote kumwezesha.

Watoto wa Lunga

Sehemu kubwa ya pili ya riwaya ni kisa cha Umulkheri na ndugu zake, Dick na Mwaliko. Wengi husahau kuwa watoto hawa pia ni wakimbizi wa ndani. Baba yao Lunga anapoteza kazi kwa kukataa wananchi walishwe mahindi yaliyoharibika, anahamia Msitu wa Mamba, kisha serikali inawafurusha wenyeji wa msitu. Msomaji Mkenya atakumbuka mara moja kufurushwa kwa watu katika msitu wa Mau mwaka 2009. Kwa hiyo mwandishi anatuonyesha aina mbili za kufurushwa: kwa moto wa jirani na kwa amri ya serikali. Anaziweka katika kitabu kimoja kwa makusudi, na hapo tunampa kongole.

Kinachofuata ni mnyororo. Mali inakwisha, mama Naomi anaondoka, baba anafariki, na watoto wanabaki na mtumishi wa nyumbani, Sauna, ambaye anawaiba Dick na Mwaliko na kuwapeleka kwa Bi Kangara. Dick anatumiwa kusafirisha dawa za kulevya kwa miaka. Umu anaingia mjini na kulala na watoto wa mitaani, akiwa na bahati ya kumjua Hazina, kijana aliyewahi kumsaidia kwa pesa kidogo. Mnyororo huu umefungwa vizuri. Kila pete inashika nyingine, na msomaji anaona kuwa biashara ya watoto haianzi kwa Bi Kangara. Inaanza siku familia ilipotolewa msituni bila kupewa mahali pa kuishi pa maana.

Sauna ndiye mhusika mgumu kuliko wote. Alipokuwa msichana, baba yake wa kambo, Maya, alimnajisi, na mama yake akamtoa mimba na kumtaka anyamaze ili ndoa isivunjike. Mtoto ambaye hakulindwa amekua na kuwa mwizi wa watoto wasiolindwa. Mwandishi angeweza kumfanya Sauna kuwa shetani tu, lakini hakufanya hivyo, na jambo hilo linaonyesha ukomavu wake. Lakini tazama mwisho. Sheria inayoamka na kufanya kazi katika kisa hiki inawashika Sauna na Bi Kangara, wanawake wawili. Kimya cha mama ndicho kilichomlinda Maya. Sisemi Sauna asishikwe. Nasema mkono wa sheria umekuwa mrefu kwa mtumishi wa nyumbani na mfupi kwa baba mwenye nyumba.

Kisha linakuja suluhisho. Umu anapangwa na Mwangeka na Apondi, watu ambao nao wamefiwa. Mwaliko anapangwa na Mwangemi na Neema. Dick anaacha biashara haramu na kujitegemea. Umu anakutana na Dick uwanja wa ndege kwa sadfa, na wote watatu wanakutana katika hoteli inayoitwa Majaliwa. Jamani, Majaliwa! Jina lenyewe limekiri. Machozi yanatoka, ndiyo hayo ya heri.

Kanuni ya 17 inasema familia zilizotenganishwa na uhamisho ziunganishwe haraka iwezekanavyo, hasa zenye watoto. Maana yake ni kwamba kuwatafuta Dick na Mwaliko ilikuwa kazi ya mtu fulani, katika ofisi fulani, kwa mshahara. Riwaya imeihamisha kazi hiyo kutoka ofisini na kuikabidhi kwa majaliwa. Na majaliwa, kama tujuavyo, hayana anwani ya kupeleka malalamiko.

Je, riwaya ni katiba?

Msomaji mmoja atasimama hapa na kusema: wewe unataka nini? Riwaya si katiba wala si ripoti ya tume. Mwandishi ana uhuru wa kumalizia kwa furaha, na watu waliolia sana wana haki ya kuliwazwa. Hoja hii ina uzito na hatuwezi kuipuuza. Tena inaweza kuongezewa nguvu: kwa Mwafrika, kulea mtoto wa mwenzako si huruma ya hiari, ni wajibu. Mtoto ni wa jamii. Apondi anapomchukua Umu anatimiza sheria ya zamani kuliko mkataba wowote uliotiwa sahihi Kampala.

Nakubali nusu ya hoja hiyo. Wajibu wa jamii upo, na mwandishi ameutetea dhidi ya ubinafsi wa siku hizi. Lakini kitabu hichohicho kimetuonyesha kuwa jamii ndiyo iliyochoma nyumba. Mzee Kedi alikuwa jirani wa Ridhaa. Mama mkwe wa Subira alikuwa jamii. Ridhaa tangu utotoni aliitwa mfuata mvua na watoto wenzake. Jamii iliyogawa watu kwa wenyeji na wa kuja haiwezi kuachiwa peke yake kazi ya kuamua ni nani atalindwa. Haki inahitajika kwa sababu huruma ina kabila, ina ukoo, na wakati mwingine inachoka.

Pia tukumbuke mambo ya kawaida kabisa. Mwezi Mei 2008 serikali ya Kenya ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani, na kaya ziliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 kwa nyumba iliyoharibiwa. Mtu kama Selume, aliyetoka katika ndoa kwa sababu ya kabila lake, ni kaya ya nani? Nyumba iliyoungua iliandikwa jina la nani? Kanuni ya 20 inasema mwanamke apewe hati kwa jina lake mwenyewe. Mistari michache kama hiyo ndiyo inayoamua kama mwanamke atakula au atamngoja mtu mwema.

Kwa nini jambo hili lituhusu

Mwaka 2013 manusura wanane wa dhuluma za kingono za mwaka 2007 na 2008 walikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi. Walingoja. Tarehe 10 Desemba 2020 mahakama ilitoa uamuzi kwamba serikali ilikosa kuchunguza na kushtaki, na ikaamuru wanne kati yao walipwe fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja. Wengine wanne hawakupata. Karibu miaka 13 ilikuwa imepita tangu vitendo vyenyewe.

Tutambue kilichotokea pale. Wanawake na wanaume hao walisimama na kusimulia wenyewe. Hawakusimuliwa na baba. Hawakudai chozi, walidai jibu. Katika miaka hiyohiyo ambapo kesi yao ilikuwa ikiahirishwa, watahiniwa wa kidato cha nne walikuwa wakiandika insha kuhusu Lime na Mwanaheri na kupewa alama. Sisi tulikuwa miongoni mwao. Tulijua kutaja dhamira ya ukiukaji wa haki bila kujua kuwa Lime angeweza kuwa mlalamikaji.

Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kuwa Chozi la Heri ni riwaya yenye macho makali. Imeona choo, imeona dawa inayokosekana, imeona mtoto anayeuzwa na mwanamke anayefukuzwa na pande zote mbili. Imewapa wasichana baraza la kujisimulia. Imetuonyesha Selume, na imetuonyesha Sauna, na kati ya wawili hao kuna elimu kubwa kuhusu kinachompata mtoto wa kike akilindwa au asipolindwa. Kwa hayo inastahili kubaki katika ratiba zetu hata baada ya kuondoka katika mtihani.

Udhaifu wake ni kwamba imekabidhi mwisho wake kwa watu wema na sadfa. Haki inageuka kuwa bahati, na asiyebahatika anasahauliwa. Kwa kila Umu aliyekutana na Apondi, yuko ambaye hakukutana na mtu, naye hana sura katika kitabu.

Kazi hiyo sasa ni ya waandishi wanaokuja, na baadhi yao wamo katika madarasa haya. Tunahitaji riwaya ya Kiswahili ambayo Lime ndiye msimulizi wake, ambayo saa 72 zinahesabiwa, na ambayo mlango wa mahakama unafunguliwa ukurasa wa kumi, si baada ya kitabu kwisha. Kwa upande wetu sisi wahakiki, tuache kuzihesabu dhuluma kama hoja za mtihani. Tukimkuta mhusika amefurushwa, tuulize kwanza: alistahili nini kwa sheria, nani alitakiwa kumpa, na mbona hakupewa?